Barua Yenye Mambo Kumi na Moja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shajara yangu, naomba radhi. Miezi saba sijakuandikia hata mstari mmoja. Kosa si langu lote. Ulikuwa umepotea. Leo nimekukuta chini ya mguu wa kabati la jikoni, umelizuia lisiyumbe. Mke wangu, Mama Pacha, anasema alikuweka hapo mwezi wa nane, na kwamba tangu siku hiyo hakuna kikombe kilichovunjika. Nimekutoa. Mahali pako nimeweka kipande cha tofali. Tuendelee.

Nimeamua kuacha kazi! Nimeamua kwenda kuishi ng'ambo!

Kwa kumbukumbu sahihi: mimi ni Mkuu wa Masjala. Kwa miaka ishirini na sita kila barua ya ofisi yetu imepita mikononi mwangu. Barua ikiingia naipa namba, naipiga mhuri, naiandika katika rejista, naitia katika jalada lake. Isiyopita kwangu haipo. Hayo si majivuno. Ni Waraka Namba Nne, nilioutunga mwenyewe na kuubandika ukutani kwa gundi isiyobanduka. Kifungu cha kwanza: Jambo lisilopita masjala halijatokea.

Leo vimeletwa viti vipya. Vitatu. Vya kuzunguka, vyenye magurudumu, na mgongo unaolala mtu akitaka. Kimoja cha Mkurugenzi. Sawa. Kimoja cha mhasibu. Sawa, anaumwa kiuno. Cha tatu nilikwisha kukitengea nafasi, nikaipima kwa rula. Kikapewa Mkuu wa Usafirishaji! Huyu namwita Bwana Matairi, kwa kuwa hana mazungumzo mengine. Mtu anayekaa kitini robo saa kwa siku! Nilipouliza sababu, mhudumu wa chai akadakia kwamba ni haki kabisa, mambo ya magurudumu ni ya idara yake. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagikia jalada la mwaka jana. Mimi nakalia ubao nilioupigilia mwenyewe juu ya kiti kilichotoboka. Huu ni mwaka wake wa tisa.

Yametosha. Shemeji yangu, mdogo wa Mama Pacha, yuko ng'ambo mwaka wa sita. Alituma picha: amesimama kwenye theluji, na nyuma yake watu wamepanga foleni. Foleni iliyonyooka! Hakuna anayemsukuma mwenziwe! Nimeitazama picha hiyo kwa miwani na bila miwani. Wale ndio watu wangu. Nilizaliwa kwa anwani isiyo sahihi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimempigia shemeji simu. Mtandao ulikuwa unakatikakatika. Nilimweleza kwa ufupi, dakika kumi na saba, kwamba nimechoka kuishi na watu wasio na utaratibu. Akasema: "Karibu sana, shemeji! Karibu wakati wowote! Nafasi ipo!" Kisha simu ikakatika. Nimeyaandika maneno hayo, pamoja na saa na dakika. Katika masjala huo ni mwaliko rasmi.

Nikampa Mama Pacha habari. Yeye ni fundi cherehani, anafanyia kazi sebuleni, na alikuwa akipinda sketi za sare za shule. Hakuinua kichwa. Alisema, Baba Pacha, mtu akikwambia karibu chakula, hajakwambia uhamie jikoni kwake. Nikamjibu kwamba hajui lugha ya kiofisi. Akaniuliza kama nakumbuka kwamba nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu kwa heshima, na kwamba barua ya kuacha kazi ikishapokewa hakuna wa kunirudisha. Nikasema nakumbuka. Akauliza kama nakumbuka pia mradi wa kware, na mradi wa kuuza kalenda mwezi wa nne. Nikasema hiyo ni mada nyingine. Akauliza ninakwenda na nani. Nikasema naye. Akasema ana sketi arobaini, akakanyaga cherehani. Ile cherehani inajua kunijibu.

Nikaagiza koti. Zito, la baridi kali, lenye kola ya kufunika masikio. Akaniambia nipange foleni kama wateja wengine. Nimefurahi. Ameanza kuelewa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Maandalizi yameanza. Kazi ya leo: kuizoea baridi.

Pale kona kuna bucha, na mwenyewe tunamwita Kisu. Nyuma ana chumba cha baridi, ukubwa wa choo chetu mara mbili. Nilimwomba anifungie humo robo saa tu. Akauliza kama nimegombana na mke wangu. Nikamweleza mpango. Akauliza tena kama nimegombana na mke wangu.

Niliingia na sweta mbili. Dakika ya tano: safi kabisa. Nilitembea kati ya mapaja ya ng'ombe kama raia wa huko. Dakika ya nane: masikio sikuyasikia tena. Dakika ya kumi na mbili: nikaanza kukariri Waraka Namba Nne ili damu itembee. Dakika ya kumi na tano: mlango haukufunguliwa! Kisu alikuwa amepata wateja, akanisahau. Dakika ya ishirini na tano nikashika mguu wa ng'ombe, kuanzia goti, nikagonga mlango kwa nguvu zote.

Ukafunguliwa. Mbele ya meza ya kukatia alisimama mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye heshima zake, akingojea kilo moja ya mifupa. Aliniona natoka na nyusi nyeupe na mguu mkononi. Akasema hana haraka na nyama, leo watakula mboga. Akaondoka bila mkoba wake.

Kisu alinikasirikia. Alisema nimemfukuzia mteja wa miaka, na kwamba humo kinachoingia hutoka kwa kilo, kwa hiyo nishukuru hakuniweka kwenye mizani. Alisema pia kwamba mimi nimeingia mara moja nikataka pole, ilhali yeye huingia mara ishirini kwa siku na shati moja. Akauliza koti langu linashonwa na nani. Nikamwambia. Nikapiga chafya saba.

Mafua ni dalili kwamba mwili umeanza kuhama.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeiandika barua! Rasimu saba, kisha nakala safi. Kurasa nne, kwa kalamu ya wino, kwenye ile karatasi ngumu tunayowatunzia wageni wakubwa. Ina mambo kumi na moja. La kwanza, ninaacha kazi. La pili, kiti. La tatu, watumishi wanaoandika barua bila kutia tarehe. Hapo sikumwonea mtu haya, aya ni kali. La sita, komeo la mlango wa msalani. La tisa, mzaha wa mhudumu wa chai. La kumi na moja, namna nchi inavyoweza kuokolewa kwa majalada ya rangi tofauti. Nilipomaliza niliisoma kwa sauti. Machozi yalinilengalenga. Mtu anayeandika hivi wanamwacha aende?

Sasa utaratibu. Si halali mtu kujisajilia barua yake mwenyewe. Naibu wangu ndiye aliyepaswa kuipokea. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mtulivu, nimemfundisha mwenyewe kwa miaka kumi na mmoja. Waraka anaujua kwa moyo. Nikaiweka barua kwenye trei yake saa tisa na dakika kumi alasiri. Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma kurasa zote nne. Akavua miwani. Aliniuliza: "Mzee wangu, una hakika?" Nikamkumbusha kwamba masjala haiulizi hakika, masjala hupokea. Akasema basi ataishughulikia kama Waraka unavyotaka, bila kupunguza wala kuongeza. Nikasema ndivyo nilivyokulea.

Barua ikishafika mezani kwa Mkurugenzi hairudi. Miaka ishirini na sita, haijarudi hata moja. Nilipotoka mlangoni nilihisi baridi tumboni. Mafua.

Siri yangu na yako: Mkurugenzi atanibembeleza. Nitakataa mara mbili. Mara ya tatu nitakaa kimya na kukitazama kiti chake. Akielewa, vema, nitaifikiria upya safari. Asipoelewa, nakwenda kwenye theluji.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mkurugenzi hajanibembeleza. Hayupo! Amesafiri kikazi, atarudi Ijumaa. Kwa hiyo barua yangu inamngoja mezani, na kubembelezwa kumeahirishwa.

Hata hivyo nimeagwa leo. Nilitangaza mwenyewe, kwenye chumba cha chai, kwa biskuti na soda. Nilitoa hotuba ya dakika hamsini. Waliobaki mpaka mwisho walikuwa wanne, mmoja amelala. Bwana Matairi naye alisema machache. Alisema nitakumbukwa na kila karatasi. Alisema Idara ya Usafirishaji inasikitika sana, na kwamba gari la kunipeleka uwanja wa ndege lina mafuta, dereva yupo, hata sasa hivi nikitaka. Alipigiwa makofi kuliko mimi.

Wakanipa zawadi: sanduku la safari. Si jipya. Lina magurudumu manne, moja halizunguki. Mhudumu wa chai akasema, haya, Mzee naye kapata chenye magurudumu, asiseme hatumjali.

Kisha makabidhiano. Nilimkabidhi Naibu ufunguo wa masjala, mihuri mitatu na rula. Tukatia sahihi katika kitabu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia asilie, atazoea. Akasema ni vumbi la majalada ya mwaka jana, hulia kila Jumatatu.

Nilikokota sanduku mpaka getini. Nikageuka kutazama dirisha la masjala kwa mara ya mwisho. Nilimwona Naibu anaung'oa ubao wangu kwa koleo.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku ya pili ya uhuru. Nimeutumia vizuri. Mama Pacha alipokwenda sokoni nilimpangia sebule yake. Nyuzi nimezipa namba. Vifungo nimevigawa kwa matundu: vya mawili na vya manne. Nguo za wateja nimeziweka katika mafungu matatu: Zinazoingia, Zinazotoka, na Zinazongoja Uamuzi.

Akarudi. Mteja akaja kuchukua gauni lake la harusi ya mdogo wake, na harusi ni leo. Gauni halikuonekana kwa saa nzima. Lilikuwa linangoja uamuzi. Mama Pacha alisema maneno ambayo sitayaandika. Mteja alisema mengine, mapya kwangu. Nikahamishiwa kwenye benchi la nje.

Nikiwa hapo Mama Pacha akanipima koti, kwa hasira, tepu ikinibana shingo. Alilalamika kwamba kola ninayoitaka ni kubwa mno na hana karatasi ngumu ya kukatia kielezo chake cha kuongozea mkasi.

Mara tarishi wa ofisi akafika na baiskeli. Ameleta bahasha ya kaki, yenye jina langu na mhuri wa masjala! Nilijua! Wameanza kunibembeleza! Nikageuza uso. Nilimwambia tarishi kwamba mimi sipokei kitu. Mama Pacha akatia sahihi. Akauliza aifungue. Nikamkataza kabisa. Nilimweleza kwamba mtu mzima habembelezwi kwa bahasha. Mkurugenzi akirudi, aje mwenyewe, kwa miguu yake, hapa kwenye benchi. Akauliza basi aifanyie nini. Nikasema aifanyie atakavyo, mradi nisiione.

Akasema haya. Nilishangaa alivyokubali upesi.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Balaa! Balaa lisilo na mfano!

Shemeji ameandika. Ujumbe mrefu, umeingia asubuhi nikinywa chai. Anarudi nyumbani! Kabisa! Anatua keshokutwa! Anasema huko amechoka, baridi imemla mifupa, na anaomba chumba kwetu kwa muda, maana pacha wetu wameolewa na vyumba viko vitupu. Hayo ni madogo. Soma haya: anasema kwa kuwa mimi ni mkubwa pale masjala, nimtafutie hata kinafasi cha kupanga majalada. Anasema ana hakika sitamwangusha.

Nikampigia. Nikamwuliza, na ile nafasi uliyoniambia ipo? Akasema ndiyo, ilikuwepo, kwenye kochi, aliyelala hapo alikuwa amehama.

Kwenye kochi!

Mama Pacha alilia kwa furaha kwamba mdogo wake anarudi. Kisha akafuta machozi kwa kitambaa cha sare na kunitazama. Akasema: "Mwambie shemejiyo asiwe na wasiwasi, nafasi masjala imepatikana. Yako." Akakanyaga cherehani.

Nimepiga hesabu ya saa. Mkurugenzi anarudi kesho mchana. Barua iko mezani kwake. Asipoiona, bado mimi ni Mkuu wa Masjala. Akiiona, mimi ni mtu mwenye sanduku la magurudumu matatu. Lazima barua itoke kesho asubuhi. Nina mpango.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mpango wa kwanza. Saa mbili kamili nilikuwa kwenye dirisha la masjala. Naibu akaniamkia kwa heshima zote, shikamoo mzee, kisha akaniuliza jina, idara na shida yangu. Jina! Nikamwambia nataka barua yangu. Akanipa Fomu ya Maombi ya Kuona Barua. Nakala tatu, majibu baada ya siku tatu za kazi. Ni fomu nzuri sana. Niliibuni mimi. Nikamwomba kwa mara hii tuiruke. Alinyoosha kidole ukutani, kwenye Waraka. Nikamwuliza kama hana huruma. Akasema huruma anayo, ila haina kifungu.

Mpango wa pili. Nilimwendea mhudumu wa chai. Alinicheka kwanza mpaka akakaa chini, kisha akaniazima aproni na sinia. Niliingia masjala nimeinua sinia usawa wa uso. Hatua kumi bila kugunduliwa! Naibu, akiendelea kuandika, akasema: "Weka chai hapo, Mzee, halafu utie sahihi katika daftari la wageni."

Lakini macho yangu yalikwisha kufanya kazi. Rejista ya barua zinazoingia ilikuwa wazi mezani. Niliisoma juu chini. Ijumaa tarehe 7: barua sita, yangu haimo. Jumatatu: tisa, haimo. Jumanne: haimo! Maana yake ni moja tu. Ameipeleka kwa Mkurugenzi moja kwa moja, bila namba, bila kuisajili! Miaka kumi na mmoja ya mafunzo! Nakiri kwamba kwa dakika nzima nilisahau kuwa nimeharibikiwa, nikaona uchungu wa rejista tu.

Mpango wa tatu haukufika mbali. Nilikuwa ukumbini, bado na aproni, naelekea ofisi ya Mkurugenzi, nikakutana naye uso kwa uso. Amewahi kurudi! Ni kijana kwangu, ananiita Mzee wangu. Akaitazama aproni. Akalitazama sinia. Akachukua kikombe, akashukuru, akasema nimwone Jumatatu saa tatu, ana jambo langu.

Ana jambo langu.

Miguu ilinifikisha nyumbani. Sijui kwa njia gani.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Shemeji amefika. Kapungua nusu. Alimkumbatia dada yake mpaka tepu ya kupimia ikawafunga wote wawili.

Kazi yake huko ilikuwa kupanga maboksi katika ghala la baridi. Nikamwuliza habari za ile foleni nzuri ya kwenye picha. Akasema ile ilikuwa ya watu wanaoomba kazi, na kwamba saa mbili baadaye dirisha lilifungwa, wakatawanyika. Nikamwuliza kama walitawanyika kwa utaratibu. Akasema shemeji, wewe bado una vichekesho vilevile.

Anasimulia jirani kwa jirani kwamba mimi nitamwingiza ofisini. Mama Pacha anasikia. Ananitilia chai, sukari mbili, kama mgonjwa. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Saa tatu kamili. Nilivaa suti ya harusi za pacha. Niliingia na maneno nimeyapanga: familia, umri, mafua. Nikaanza kwa kusema, kuhusu ile barua yangu. Mkurugenzi akauliza barua gani.

Nikasema ya kurasa nne. Akatazama meza. Akafungua droo. Akamwita Naibu aje na rejista.

Naibu akasimama wima na kutoa maelezo kama nilivyomfunza, bila neno la ziada. Kwamba hakuna barua iliyosajiliwa. Kwamba karatasi fulani iliwasilishwa tarehe saba, ikakaguliwa kwa kufuata Waraka Namba Nne, ikaonekana haikidhi, ikarudishwa kwa mwandishi kwa mkono wa tarishi, na sahihi ya kupokelewa ipo, ni ya Mama Pacha. Akaonyesha nakala ya hati ya kurudishia. Hati hiyo niliibuni mimi pia. Ina visanduku, na vitatu vilikuwa na alama. Inazidi ukurasa mmoja. Ina zaidi ya jambo moja. Chini alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: Mwandishi anashauriwa kuleta barua kumi na moja. Na kisanduku cha tatu...

Haina tarehe.

Haina tarehe! Mimi! Nilikaa bila kuambiwa.

Mkurugenzi akaukariri Waraka bila kuutazama, maana hata yeye anaujua. Jambo lisilopita masjala halijatokea. Akasema basi halijatokea, Mzee wangu, ila wiki moja ya kutokuwepo ataikata kwenye likizo. Nilitaka kumbusu Naibu mkono. Sikumbusu, kwa kuwa wakati huohuo Mkurugenzi aliendelea na jambo lake. Alisema akiwa safarini aliomba majalada matatu kwa simu, na kila moja lilipatikana ndani ya dakika tano. Akauliza tumebadilisha nini wiki iliyopita. Naibu akaifunga rejista. Kisha akasema kwamba Bwana Matairi hana kazi na kiti, haketi. Kiti cha kuzunguka kinahamia masjala! Moyo ukaniruka.

Kwa ajili ya Naibu. Yeye ndiye anayetembea kati ya rafu.

Nyumbani nikadai bahasha. Mama Pacha akaleta vipande vya karatasi kutoka chini ya meza ya kukatia. Mkono wa kushoto. Mfuko. Kola. Barua yangu yote imekuwa kielezo cha koti! Ile aya ya watu wasiotia tarehe ilikuwa imekatwa katikati, penye mkunjo wa kola.

Nikafoka kwa nini hakuniambia. Akasema nilimwambia aifanyie atakavyo. Akaondoa mguu kwenye cherehani. Akasema aliifungua, akaisoma, akatafuta tarehe hakuiona. Akasema mwanamume anayetia tarehe hata kwenye orodha ya sabuni, akiiacha, ujue moyo wake haujakwenda popote. Kwa hiyo hakuwa na haraka ya kunishtua.

Nikamwambia yalikuwa mafua. Akasema haya, mafua.

Nikauliza koti liko wapi. Kalinunua Kisu. Anataka mengine mawili.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Nimerudi kazini. Ufunguo nimerudishiwa kwa sahihi. Ubao nimeupigilia tena, ila msumari mmoja umetokeza na hauzami. Naibu anateleza na kiti chake kutoka rafu ya kwanza mpaka ya mwisho kwa msukumo mmoja wa mguu. Akipita mbele yangu husema samahani Mzee. Leo amesema samahani mara thelathini na moja. Nimeziandika. Mhudumu wa chai anasema afadhali angewekewa honi. Bwana Matairi ameacha kunisalimu.

Nilimshukuru Naibu kwa kuokoa kazi yangu? La. Nilimwandikia karipio kwa kuwa alitumia wino wa bluu katika hati ya kurudishia. Wino wa hati ni mweusi.

Shemeji amepata kazi. Kwa Kisu! Kisu alisema mtu mwenye uzoefu wa baridi ya ng'ambo hapatikani kila siku. Sasa anashinda kwenye chumba cha baridi, amevaa koti langu, kola imefunika masikio. Linamfaa kuliko maelezo. Inaniuma.

Lakini huyu shemeji ana rafiki. Rafiki yuko nchi nyingine kabisa, ya joto, haina haja ya koti wala mazoezi ya bucha. Leo wakati wa chakula cha mchana walikuwa wanaongea kwa simu, nikaomba nisalimie. Nikamweleza kwa ufupi, dakika kumi na mbili. Yule bwana akasema: "Karibu sana, mzee wangu! Wakati wowote!" Nimeandika saa na dakika. Na safari hii sitakosea kama ile ya kwanza, maana kosa lilikuwa moja tu: barua moja kubeba mambo kumi na moja. Nitaandika barua kumi na moja! Kila moja ukurasa mmoja, jambo moja, tarehe juu, imepigiwa mstari mara mbili. Hapo Waraka utasema nini? Naibu atafanya nini, zaidi ya kupokea?

Nimekwisha kuanza. Nimeanza na ya kiti. Ya kuacha kazi itakuwa ya mwisho, nikiona majibu ya zile kumi.

Nilimgusia Mama Pacha. Cherehani imenijibu kwa muda mrefu.

Sasa hivi amesimama mlangoni. Anasema kile kipande cha tofali kimepasuka, kabati linayumba, na vikombe viwili vimekwisha kwenda. Anakunyooshea mkono. Nenda, shajara yangu, ni kwa muda tu. Siku uamuzi utakapofikiwa nitainama, nitakutoa huko chini na kukuandikia papo hapo, pamoja na tarehe.